Nimeondolewa Dhambi, Mbona Bado Ninadaiwa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nilikuwa mtunza hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikatumia kwa siri fedha nyingi za wenzangu. Niliungama, nikaondolewa dhambi, lakini padre muungamishi aliniagiza nizirudishe zote. Ikiwa Mungu amekwisha kunisamehe, deni hili linatoka wapi? Na mbona moyo bado unavutwa na fedha zisizo zangu? – Msomaji, Iringa.

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, umeuliza maswali mawili, nami naanza na la pili.

Dhambi huwa ya mauti pale jambo lenyewe linapokuwa zito, mtu akalijua hivyo, na akalitenda kwa hiari yake. Dhambi ya namna hiyo huiondoa neema ya utakaso, yaani uzima wa Mungu ndani yetu, rohoni na kumstahilisha mtu adhabu ya milele. Dhambi nyepesi huujeruhi upendo bila kuuua. Ulipoungama kwa majuto ya kweli, neema ilirudi na adhabu ya milele ikafutwa. Hapo usiwe na shaka hata kidogo.

Hata hivyo, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulifundisha mwaka 1551 kwamba Mungu anaposamehe kosa, si kila mara adhabu yote huondoka pamoja nalo. Inaweza kubaki adhabu ya muda, ambayo Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inatuonya tusiione kama kisasi cha Mungu, kwa kuwa inatokana na dhambi yenyewe: kila dhambi, hata iliyo nyepesi, huiacha roho imeshikamana isivyofaa na viumbe, yaani vitu vilivyoumbwa, nayo hutakaswa hapa duniani au toharani, baada ya kifo. Ndiyo maana moyo wako bado unavutwa na fedha. Mfupa uliovunjika ukishaunga, mguu bado huwa umekonda, na mwenye mguu hurudia kutembea kidogo kidogo. Sala, sadaka na kufunga ndiyo mazoezi ya roho iliyo katika hali yako. (Wapo wanaozihesabu Salamu Maria tatu za malipizi kama faini ya mahakamani, wakizimaliza, wanaona wamefunga faili.)

Sasa deni. Fedha zile ni za wenzako, na msamaha wa Mungu haukuzifanya kuwa zako. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakungoja kuagizwa. Alitamka mwenyewe kwamba atarudisha mara nne. Tena, anayeungama wizi huku amekusudia kubaki na alichoiba wakati anaweza kukirudisha, majuto yake yana kasoro kubwa, maana bado anaing'ang'ania dhambi ileile anayoomba aondolewe.

Kanisa halikudai ujianike mbele ya kikundi. Unaweza kurudisha fedha bila kujitaja, hata kwa kupitia muungamishi wako akikubali, naye amefungwa na siri ya maungamo. Kama huwezi kulipa zote kwa mara moja, lipa kwa awamu, ukianza na kiasi ulicho nacho mwezi huu.