Bakteria hawaili kromiamu, wanaibadilisha tu

Mkuu umeuliza kama bakteria wamekula kromiamu maana maji yako ya njano yenye kromiamu uliyowawekea yamepauka baada ya siku chache. Hapana, metali iko humohumo kwenye chupa. Bakteria akishavunja chakula anabaki na elektroni za kutupa, sisi tunazitupia oksijeni, yeye oksijeni ikikosekana anaweza kuitwisha metali, sasa kromiamu 6 (yaani iliyopungukiwa elektroni 6, ndo ile ya njano) ikipokea elektroni 3 inakuwa kromiamu 3, njano inaisha, na kama pH iko karibu na 7 inatuama chini kama katope ka kijani hivi, sumu yake imeshuka sana. Bakteria wanaoitwa Geobacter wanafanya hivyohivyo kwa urani, toka 6 kwenda 4. Zebaki ndo balaa, wakiipunguza (yaani wakiipa elektroni) inakuwa mvuke inaruka hewani, hiyo usijaribu chumbani kabisa.

Ila usishangilie bado. Weka chupa ya pili yenye bakteria waliouliwa kwa joto, maana hata chakula chenyewe mle kinaweza kuipa kromiamu elektroni. Halafu pima kwa daifenilikabazaidi, kemikali inayotoa zambarau ikikuta kromiamu 6, ile rangi ya zambarau ikififia kwenye chupa ya wazima tu, hapo sawa. Na glavu uvae, kromiamu 6 inaleta kansa.