Muulize Fundi: Darubini ya Bunduki kwa Pauni 450

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi mzaliwa wa Malindi, sasa naishi Reading, Uingereza, naendesha basi. Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinichukua uwanja wa shabaha wa Bisley nikamtazame akipiga shabaha, na ugonjwa ukanishika palepale. Uanachama wa klabu ninao, cheti cha polisi ninacho, na nimepata bunduki ya .308 ya mkono wa pili yenye miguu miwili ya mbele. Nimebakiwa na pauni 450 za darubini pamoja na vya kuifungia. Nataka kupiga yadi 1,000 kabla mwaka haujaisha. Nimeona tatu: ya 10-40x60 (inavuta mara 10 hadi 40, kioo cha mbele milimita 60), mpya kabisa, pauni 90, ya 6-24x50, pauni 340, na nyingine isiyobadilika, 10x42, ambayo mtu anaiuza pauni 200. Klabuni mmoja ananiambia kama sina pauni 2,000 nisijisumbue. Mwingine anasema lazima iwe ya mil, na nyuzi za ndani ziwe zinakua ukivuta karibu. Mke wangu anasema ninunue zulia. Nishike la nani?
— Msomaji, Reading

JIBU: Marahaba mwanangu. Zulia lisubiri, ila usiseme nimesema mimi.

Tuanze na hiyo ya pauni 90, maana naijua. Si hiyo yako, lakini ndugu yake. Mimi nilikuwa fundi wa kamera Tanga, Ngamiani, kwa miaka mingi kabla sijahamia huku, na siku niliponunua bunduki nilijiona mjanja wa vioo kuliko wazungu wote wa klabu. Nikanunua darubini yenye kioo cha mbele kipana kama kikombe cha uji. Nikaitazama dukani, picha safi, nikalipa. Sikugusa nobu za kusogezea msalaba hata mara moja. Fundi mzima!

Nilichojifunza baadaye ni kwamba kamera na darubini ya bunduki hazifanani kazi. Kamera kazi yake kuona. Darubini ya bunduki kazi yake ya kwanza ni kuhamisha msalaba, yaani zile nyuzi za ndani za kulengea, kwa kiasi ulichouambia, kisha kuurudisha ulipokuwa, wakati chuma kinapigwa teke kila risasi inapotoka. Kuona kunafuata nyuma. Kwa hiyo pesa kidogo ulizonazo zilipie nobu na pete za kuifungia kabla ya kulipia kioo.

Hesabu yake ni hii. Sisi tunapima kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kwa yadi 100, dakika moja ni sentimita 2.7 hivi. Kwa yadi 1,000 ni sentimita 27 hivi. Risasi ya .308 ukiisawazisha igonge ulipolenga kwa yadi 100, kisha ukaipeleka yadi 1,000, itakuwa imeanguka kiasi cha kukulazimisha uzungushe nobu ya juu dakika 30 na kitu, pengine 40, kutegemea uzito wa risasi na mwendo wake. Hapo ndipo darubini nyingi za bei ndogo zinapogota. Ikiwa safari yote ya nobu, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ni dakika 60, na msalaba uko katikati, umebakiwa na 30 tu za kupanda. Utafika yadi 800 au 900, halafu nobu inakataa.

Dawa yake ni reli ya kufungia darubini juu ya bunduki, iliyochongwa kwa mwinamo wa dakika 20, mbele chini, nyuma juu. Ukifunga darubini hiyo hiyo juu ya reli hiyo, unapata dakika 50 za kupanda na 10 za kushuka, na yadi 100 bado unaipata. Reli hiyo haigharimu hata robo ya bajeti yako. Kabla ya kununua darubini yoyote, tafuta kwenye karatasi yake safari ya nobu ya juu ni dakika ngapi. Muuzaji asiyejua jibu hilo anauza miwani.

Sasa siku niliyoumbuka. Baada ya miezi miwili ya kupiga ovyo na kulaumu upepo, mzee mmoja wa klabu, mtu wa maneno machache, aliniambia nije na karatasi ndefu na timazi. Tukaenda uwanja mfupi, yadi 100. Tukaning'iniza timazi mbele ya ubao, tukachora mstari wima kuufuata uzi, tukaweka doa chini ya mstari. Nikapiga tatu kwenye doa. Akaniambia: panda dakika 30, lenga doa lile lile. Nikapiga tatu tena. Zilitakiwa kutua sentimita 80 juu ya zile za kwanza. Tulipokwenda kupima kwa futi ya fundi seremala zilikuwa kwenye 76, na zimeegemea kulia kwa mstari. Akaniambia nishuke dakika 30, nipige tena kwenye doa. Tundu zikatua upana wa vidole viwili pembeni ya zile za mwanzo. Mzee hakusema kitu. Alikunja uzi wa timazi, akautia mfukoni, akaenda kunywa chai.

Zile sentimita nne za pungufu si msiba. Bisley mnapiga umbali unaojulikana, na mnapewa risasi za kujaribia kabla ya kuhesabiwa. Darubini inayosema 80 ikatoa 76 kila siku, unaandika daftarini basi. Mwongo mwenye uongo mmoja unaishi naye. Iliyonimaliza ni kutorudi. Nobu isiyorudi haina daftari la kuiweka sawa.

Kwa hiyo ile 10-40x60 iache. Na usiihuzunikie hiyo 40. Najua unachowaza: nikivuta mara 40 nitaona tundu za risasi zangu. Hutaziona mwanangu, si kwa yadi 1,000, hata kwa ya pauni 2,000. Ndiyo maana kule kila ukipiga shabaha inateremshwa shimoni, mtu anatia kidude cha duara penye tundu, inapandishwa tena. Kidude hicho utakiona kwa mara 20 bila kukodoa. Halafu utakuja mwezi wa saba, jua la Kiingereza likiamua kuwaka, uone mazigazi yanavyochemka juu ya majani ya Stickledown, uwanja wa mbali wa Bisley. Shabaha inaogelea kama sufuria ya maji ya ugali. Kila ukivuta karibu, unayavuta na mazigazi. Walio na mara 40 wanarudisha hadi 18, na wewe uko 18 tayari. Juu ya hayo kuna uzito. Ukipiga F/TR, daraja la mashindano la bunduki zenye miguu miwili kama yako, bunduki yako na darubini na miguu yote pamoja isizidi kilo 8.25. Darubini ya kioo cha milimita 60 inakula humo bila faida.

Hiyo 10x42 nisingeicheka. Darubini isiyobadilika ina vipande vichache vya kulegea ndani, na kwa bei hiyo mara nyingi nobu zake ni za kweli kuliko za dada zake wanaojivuta. Nimeona watu wakigonga bati yadi 1,000 kwa mara 10. Ila wewe hupigi bati, unapiga karatasi. Duara la tano upana wake ni karibu sentimita 25, na V, duara dogo la katikati kabisa, nusu ya hapo. Kwa mara 10 msalaba utakaa juu yake kama nzi juu ya punje ya mchele.

Kuhusu mil, kipimo kingine cha pembe: huyo wa klabuni hakosei, ila anajibu swali la mtu mwingine. Mlio mmoja wa nobu ya mil, yaani hatua moja, unahamisha sentimita 9 kwa yadi 1,000. Mlio wa robo dakika unahamisha sentimita 6.6. Duara lenu limechorwa kwa dakika, wenzako watakaokaa pembeni yako watakwambia "nimepanda dakika moja na nusu", na daftari la klabu limeandikwa kwa dakika. Chukua dakika. Nyuzi zinazokua ukivuta zinamfaa anayekisia umbali, anayerukaruka kutoka bati la yadi 400 hadi la 750 ndani ya dakika moja na nusu ya saa. Wewe umbali wako umeandikwa kwenye kibao. Nyuzi zisizokua zinabaki nyembamba ukivuta mwisho, na mara nyingi bei yake ni ndogo zaidi. Ukiipata yenye nyuzi zinazokua kwa bei nzuri, chukua pia, haikuumizi kitu.

Basi ni ile 6-24x50 ya pauni 340. Katika tabaka hilo nimeshika mkononi Vortex Diamondback Tactical na Athlon Argos, zote zinapatikana kwa dakika, na zote zina nobu ya pembeni ya kuondoa paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukitembea juu ya shabaha unaposogeza kichwa. Kwa Vortex jua jambo moja: dhamana yake inafuata darubini, haimfuati mnunuzi, kwa hiyo hata ya mkono wa pili inatengenezwa. Kioo chake ukifika 24 kinafifia kidogo pembezoni. Mimi mwenyewe napigia kwenye 18 hadi 20, na picha hapo ni safi.

Zilizobaki, pauni 110, usizile. Nunua reli ya dakika 20 na pete nzuri za chuma au alumini iliyochongwa, si zile za bure zinazokuja ndani ya boksi. Nilizikaza za kwangu za kwanza kama nati za gurudumu la Land Rover. Siku nilipozifungua, bomba la darubini lilikuwa na alama ya kubonyea, na nobu ya paralaksi ikawa nzito kuanzia hapo. Skrubu za juu ya pete zinataka nguvu ndogo sana, karibu nyutoni-mita 2. Azima spana ya kupimia nguvu klabuni, kaza kwa mkato, moja kushoto mbele, moja kulia nyuma, kidogo kidogo, nafasi ya pande mbili ibaki sawa. Na kabla ya kukaza, simamisha bunduki kwa pimamaji, ning'iniza timazi mwisho wa bustani, zungusha darubini hadi uzi wima wa ndani uufuate uzi wa timazi. Uzi huo wa ndani ukiinama hata kidogo, kila unapopanda unakwenda na pembeni, na utalaumu upepo kama nilivyoulaumu mimi.

Paralaksi usiiamini kwa namba zilizochapwa. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, usiiguse, tikisa kichwa juu chini ukitazama. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha nobu ya pembeni hadi utulie. Chora alama yako kwa rangi ya kucha ya mama watoto, kwa idhini yake.

Siku ya kwanza usikimbilie yadi 1,000. Peleka karatasi ndefu na timazi uwanja mfupi, fanya lile jaribio langu mara tatu. Ikishindwa kurudi, iko ndani ya muda wa kurudishwa dukani. Irudishe na karatasi yenyewe yenye matundu.

SWALI FUPI: Fundi, niko Houston. Nimepata darubini ya mkono wa pili, mwenyewe anasema imepigwa "mara chache tu". Nitajuaje?
— Msomaji, Houston

JIBU: Haijalishi imepigwa mara ngapi. Mulika tochi kupitia kioo cha mbele wewe ukitazama nyuma, chumba kiwe na giza. Vumbi chembe mbili tatu si neno. Ukiona kitu kama mizizi au utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Tanga nilikuwa naikuta kila wiki kwenye kamera zilizofungiwa kabatini, na Houston yako kwa unyevu haipishani sana na Tanga. Usinunue, maana ukifungua darubini kutoa kuvu, gesi kavu iliyotiwa ndani inatoka, na huna pa kuijaza tena nyumbani.

Kisha tazama bomba mahali pete zilipokaa: mchubuko wa rangi ni kawaida, ila pitisha ukucha usikie kama pamebonyea. Mwisho peleka nobu zote mbili hadi mwanzo na hadi mwisho, polepole, usikilize. Milio iwe ya sauti moja safari nzima. Ikifika mahali ikawa laini kama kijiko ndani ya asali, kisha milio ikarudi, kuna kitu ndani kimechoka. Mwenyewe akikukataza kuzigusa nobu, kunywa chai yake, umwachie darubini yake.