Wasomaji Wanauliza: Mabaka ya Kitana, Njiti ya Kiberiti na Kamba ya Katani

*Mhariri, asalaam aleikum. Ninauza vitana, shanga na mafuta ya nywele hapa Bagamoyo. Vitana vingi vya plastiki ninavyonunua kwa jumla ni vya kahawia vyenye mabaka ya manjano. Plastiki inaweza kutiwa rangi yoyote, sasa kwa nini wenye viwanda wanaipenda hiyo? — Mfanyabiashara, Dunda, Bagamoyo*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Mabaka hayo ni mwigo wa gamba la ng'amba, yule kasa wa bahari yetu. Gamba lake lilikuwa bidhaa ya pwani hii tangu kale, kwani hata mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki yapata karne ya 1 unalitaja, pamoja na pembe za ndovu, miongoni mwa mali zilizotoka Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, jina walilolipa pwani hii. Gamba hilo likipata joto hulainika, fundi akaweza kulikunja na kulikata meno, na likipoa hubaki na umbo alilolipa. Kwa sababu hiyo, kabla ya plastiki kuwapo, kitana cha heshima kilitengenezwa ama kwa ng'amba, ama kwa pembe ya ng'ombe, ama kwa pembe ya ndovu, na watu wa kawaida walitosheka na chanuo la mti.

Hapo kwenye pembe ya ndovu ndipo historia ya kitana chako inapopita mlangoni mwako. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, na pembe zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Zilipofika pwani zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, ambako ziliuzwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wanunuzi wakubwa: nchi yao ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikaweka balozi mdogo Unguja. Pembe nyingi walizonunua ziliishia katika jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, mahali ambapo ufundi wa pembe ulianza kwa kukata vitana na baadaye ukahamia kwenye vibao vya piano. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa mno huko kwa kuwa ni laini kwa msumeno na hazipasuki ovyo.

Matumizi mengine ya pembe yalikuwa mipira ya biliadi, na pembe moja ilitoa mipira michache tu iliyo sawasawa. Bei ilipozidi kupanda, kampuni ya Phelan na Collender ya Marekani ilitangaza katika miaka ya 1860 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kushika nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, mpiga chapa wa Albany, alijaribu vitu vingi hadi akafika kwenye mchanganyiko wa pamba iliyotiwa asidi ya nitriki na kafuri, ile ile tunayoitumia katika kuwaandaa maiti wetu. Mchanganyiko huo aliupatia hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, mwaka 1870 ukaitwa seluloidi. Kabla yake Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameonyesha kitu cha namna hiyo London mwaka 1862, lakini biashara yake haikusimama.

Mipira ya seluloidi haikuwaridhisha wachezaji, bali vitana vilifanikiwa kupita kiasi. Seluloidi hulainika kwa joto kama ng'amba, kwa hiyo mafundi wa mji wa Leominster, Massachusetts, waliokuwa wakitengeneza vitana vya pembe ya ng'ombe tangu karne ya 18, waliipokea bila kujifunza kazi upya. Wanunuzi walitaka kitu kinachofanana na kile walichokuwa hawakimudu, ndiyo maana viwanda viliiga mabaka ya ng'amba kwa rangi, na vitana vyeupe vikatiwa hata mistari myembamba inayoonekana ndani ya pembe ya ndovu. Seluloidi ilishika moto upesi mno, hivyo ikaachwa kwa plastiki nyingine, lakini mabaka yalibaki kwa sababu macho ya wanunuzi yalikwisha kuyazoea. Wanawake wa Marekani walipoanza kukata nywele fupi katika miaka ya 1920 biashara ya vitana ilianguka, na kampuni ya Foster Grant ya mji huo huo wa Leominster ikageukia miwani ya jua, ambayo ilianza kuiuza ufukweni Atlantic City mwaka 1929. Kama unauza pia miwani yenye fremu za mabaka, chanzo chake ni hicho hicho.

Huelezwa mara nyingi kwamba plastiki ilimwokoa tembo. Sikubaliani na kauli hiyo, wala sidhani mtu wa Bagamoyo anapaswa kuikubali kwa wepesi. Mwanzoni mwa karne ya 20, miongo kadhaa baada ya Hyatt, Marekani ilikuwa ikitengeneza piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka, na pembe zilizidi kununuliwa. Kilicholeta kinga ni sheria: mwaka 1989 biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo hilo.

*Mimi ni mama lishe, nawasha jiko kila alfajiri. Kwa nini njiti ya kiberiti haiwaki mpaka niikwaruze ubavuni mwa kisanduku chake? — Magomeni, Bagamoyo*

Dada yetu, ni kwa sababu kemikali zimetenganishwa makusudi kwa usalama wako: kichwani mwa njiti mna kloreti ya potasiamu, na ubavuni mwa kisanduku mna fosforasi nyekundu iliyochanganywa na unga wa kioo. Zikikutana kwa msuguano ndipo moto huzaliwa. Njiti ya kwanza ya msuguano iliuzwa mwaka 1827 na mfamasia John Walker wa Stockton-on-Tees, Uingereza, na katika miaka ya 1830 watengenezaji wakaanza kutia fosforasi nyeupe, ambayo huwaka popote unapoikwaruza. Moshi wake uliwaozesha mataya wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant na May, mashariki mwa London, waligoma kwa ajili ya faini na mazingira mabaya ya kazi, nao wakashinda. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwapo: ndugu Lundström wa Jönköping, Sweden, walionyesha kiberiti salama Paris mwaka 1855, lakini fosforasi nyekundu ilikuwa ghali zaidi, na mkataba wa kupiga marufuku ile nyeupe ulitiwa saini Bern, Uswisi, mwaka 1906 tu.

*Nilikuwa mvuvi. Zamani tulifunga ngalawa kwa kamba za katani, sasa ni nailoni tupu. Mjukuu wangu anasema mkonge ni mmea wa asili wa Tanga. Ni kweli? — Mzee, Bagamoyo*

Shikamoo, mzee wetu. Mkonge ni mgeni kutoka Mexico. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, kwa kuwa wenye mashamba wa Yucatán, huko huko Mexico, hawakutaka mali yao itoke nje. Miche hiyo ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hiyo yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kwa jasho la manamba kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mavuno yalipita tani 200,000 kwa mwaka, kisha kamba za nailoni na za plastiki nyinginezo zikaushusha soko.

Kabla ya katani, majahazi ya pwani hii yalitumia kamba za usumba: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa hadi yalainike, yakapondwa na kusokotwa kwa mkono. Kina mama wa Unguja bado wanaifanya kazi hiyo.