"Imeongezeka kwa" au "imeongezeka hadi": kueleza grafu za sensa

SWALI: Ninatayarisha kijitabu cha Kiswahili cha kuwaeleza wakazi wa mtaa wetu hapa Nairobi matokeo ya sensa kwa grafu na chati. Chini ya chati moja niliandika kuwa sehemu ya Nairobi katika idadi ya watu nchini "imeongezeka kwa asilimia 1.1". Mwenzangu anashikilia kuwa sentensi hiyo ina kasoro. Je, ni kweli? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Mwenzako amesema kweli, ingawa sarufi ya sentensi yako haina dosari. Tatizo lake ni kwamba inataja kipimo kingine kabisa, na msomaji asiyekuwa na jedwali mbele yake hana njia ya kuligundua.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369 jijini Nairobi na 38,610,097 nchini kote. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073 jijini na 47,564,296 nchini. Kwa hiyo sehemu ya Nairobi ilitoka asilimia 8.1 ikafika takriban asilimia 9.2. Neno "kwa", likifuata kitenzi cha kuongezeka au kupungua, hutaja tofauti iliyopo kati ya mwanzo na mwisho, na tofauti hiyo ikitajwa kwa asilimia, msomaji makini huichukulia kuwa ni asilimia ya kiasi cha awali. Asilimia 1.1 ya 8.1 ni chini ya 0.1, kwa hiyo sentensi yako, ikisomwa kama ilivyoandikwa, inaishusha Nairobi hadi asilimia 8.2. Andika: "Sehemu ya Nairobi iliongezeka kutoka asilimia 8.1 hadi asilimia 9.2". Ukilazimika kutaja tofauti peke yake, sema iliongezeka kwa pointi 1.1 za asilimia. Mimi huepuka kuziita "nukta", kwa sababu nukta tayari ina kazi mbili papo hapo: ndiyo tunayoitamka tunaposoma desimali, na ndiyo inayowekwa kwenye grafu kabla ya kuchora mstari.

Tena usisahau kutaja ni asilimia ya nini. Wakazi wa Nairobi wenyewe waliongezeka kwa takriban asilimia 40 katika kipindi hichohicho, na takwimu hiyo ni sahihi sawa na ile ya kwanza, lakini zikiwekwa katika aya moja bila kutaja kinachopimwa, mtu ataona kama zinapingana.

Grafu ya mstari inayoonyesha idadi ya watu nchini tangu 1969 huleta mtego mwingine. Kati ya 1999 na 2009 idadi ilipanda kutoka milioni 28.7 hadi milioni 38.6, yaani ongezeko la milioni 9.9, katika miaka kumi iliyofuata ongezeko likawa milioni 9 hivi. Mstari bado unapanda, ila mwinuko wake umelegea kidogo. Atakayeandika "idadi imepungua" atakuwa amekosea vibaya, maana kilichopungua ni ongezeko. Idadi na ongezeko ni vitu viwili, na kila kimoja kinahitaji kitenzi chake, hata kama sentensi itarefuka.

Kuhusu neno "mara", ningekuomba uwe mwangalifu zaidi. Mwaka wa 1969 Kenya ilikuwa na watu milioni 10.9. Ukiandika kwamba idadi "imeongezeka mara tano" tangu hapo, wengi watadhani imezidishwa kwa tano, ilhali Kiswahili kinaruhusu pia maana ya kwamba imeongezeka katika vipindi vitano, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa kila mojawapo ya sensa tano zilizofuata ilipata watu wengi kuliko iliyoitangulia. Ukikusudia kuzidisha, andika hivi: "Idadi ya 2019 ni zaidi ya mara nne ya ile ya 1969".

Na kama chati yako ni ya duara, kitenzi "kuongezeka" hakina nafasi chini yake. Duara moja huonyesha mgawanyo wa wakati mmoja tu. Sema kwamba Nairobi "ina" au "inachukua" asilimia 9.2 ya watu wote, kisha utaje mwaka. Mabadiliko ya miaka kumi yaeleze chini ya grafu ya pau, ambako pau ya 2009 na ya 2019 zimesimama pamoja na msomaji anaweza kuzilinganisha mwenyewe.