Injinia kijana, anzia mtaroni

Vijana wanaomaliza uhandisi wa ujenzi katika vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo, hapa Uganda, huniuliza wajifunze programu gani ya kompyuta ili wapate nafasi kwenye miradi ya kuboresha miji. Programu utaizoea ukiwa kazini. Mimi nakushauri utafute buti za mpira, na mvua ikianza kunyesha uende Bwaise, mtaa wa Kampala unaofurika mara kwa mara.

Hili nimelijua kwa kukosea. Zamani nilichora mtaro wa mtaa mmoja hapa Kampala. Hesabu za maji zilikuwa sawa: ukubwa wa eneo, wingi wa mvua, mteremko. Ili watoto wasitumbukie, nikaufunika kwa vibao vya zege vyenye upana wa sentimita 90, urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 10. Siku ya ukaguzi, mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya mtaro akanyanyuka, akagusa kibao kwa mguu.

"Injinia, mwanangu, hiki nani atakinyanyua?"

Nikamwambia mama, watu wa usafi watakuja. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400, kwa hiyo kila kibao kilikuwa na kilo zaidi ya 200. Hakuna aliyekuja. Baada ya misimu miwili ya mvua maji yakaingia chumbani kwake. Akanionyesha ukutani mistari aliyochora kwa mkaa, mmoja kwa kila gharika. Wa juu kabisa ulikuwa umepita kitanda. Tulipofungua mtaro tulikuta mchanga, chupa za plastiki na kavera, yaani mifuko ya plastiki, zimeshikamana kama tofali. Moyo uliniuma, kwa sababu aliniuliza mapema na mimi sikumsikiliza.

Vile vibao tulivitengeneza upya vikiwa na urefu wa sentimita 30, kila kimoja kina vishikio viwili vya nondo. Vijana wawili wananyanyua, wanazoa uchafu, wanarudisha. Tangu hapo sichori kitu kabla ya kumjua atakayekisafisha.

Fuata maji mpaka mwisho wake pia. Yale ya mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji ya Kampala, hupita kwenye kinamasi cha mafunjo, kisha huingia ghuba ya Murchison katika ziwa Victoria. Mji huohuo huvuta sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa huko Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Mafunjo yanapunguza kasi ya maji, tope linatua, na mizizi inanyonya sehemu ya uchafu. Kila anayemwaga kifusi pale kuongeza kiwanja anaufikisha uchafu karibu zaidi na bomba la jikoni kwake. Ukipewa mchoro unaofukia kinamasi, kataa kuusaini, hata kama bosi atanuna.

Kisha kuna ardhi, ambayo darasani tuliigusa juujuu tu. Katika Buganda unaweza kukuta shamba la mailo, yaani ardhi inayomilikiwa kwa hati ya kudumu, lina mwenye hati, na juu yake kuna watu wa kibanja, yaani wakaaji wasio na hati hiyo, waliojenga na kuzaa hapo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawatambua. Katiba ya 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla mali haijachukuliwa. Kwa hiyo ukipanua barabara kwa mita 2 tu, uliza kila mlango. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye husahaulika kwa urahisi, na mara nyingi ndiye aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote.

Usajili wa uhandisi usiuchelewe; tafuta injinia aliyesajiliwa akulee, na andika kazi zako kila wiki.

Bwaise uende na tepu na daftari. Wasalimie wenye nyumba, waombe ruhusa, upime alama za maji kwenye kuta kabla hawajapaka rangi ya sikukuu.