Barua kwa mwanangu: tuliacha nyama, makala (makaa ya kupikia) yakaisha

Bukavu, Muhungu, mashariki ya Kongo
Jumapili jioni

Mwanangu,

Sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, ya pili nilikuwa na baba yako, naye akacheka mpaka akakohoa. Kukujibu kwa sauti siwezi: umeme umekatika tangu asubuhi na simu imebaki na chaji ya kuulizia hali tu. Naandika kwenye karatasi, kesho mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Umeniuliza hivi: "Mama, nyumbani tulikula nyama kidogo kwa sababu hatukuwa na pesa, au mlikuwa mnafikiria mazingira? Na ule mwaka mliotangaza kwamba tunapunguza nyama, mbona ulikwisha kimyakimya?" Unasema huko Ubelgiji rafiki zako wameacha nyama kabisa, wewe na mume wako mnataka kuwafuata, na tayari umejisifu kwao kwamba kwenu Bukavu mambo hayo mlianza zamani. Polepole, mama. Usijisifu bado.

Ilianza na kidole gumba cha mguu wa baba yako. Ulikuwa mwaka 2018, wewe ukijiandaa kwa mtihani wa Serikali, ndiyo maana hukuona mengi. Kidole kilivimba, kikawa chekundu kama nyanya, shuka likikigusa anapiga kelele. Daktari akasema ni guti, ugonjwa wa viungo. Akamkataza nyama nyekundu, maini na bia, hata sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, akamwambia asizidishe. Bia aliitetea wiki nzima. Mimi niliona haya kuwaambia watoto kwamba nyumba nzima inapunguza nyama kwa ajili ya kidole kimoja, nikasema ni kwa ajili ya mazingira. Siku zile redio zilikuwa bado zinazungumzia amri ya serikali ya kukataza mifuko ya plastiki, ile iliyotoka mwishoni mwa 2017, na neno "mazingira" lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Nililiokota likiwa bado la moto.

Kuhusu pesa, mshahara wa mwalimu unaujua. Nyama ilikuwa ya Jumapili tu. Kutoka hapo hadi mara moja kwa mwezi haikuwa safari ndefu. Kilichotushinda ni kitu kingine, na huko kwenu sidhani kama kuna mtu anakifikiria.

Nyama ikitoka, maharage yanaingia. Sawa. Lakini daftari langu la matumizi, lile la jalada la bluu, linaonyesha kwamba kabla ya hapo mfuko mmoja wa makala ulitupeleka karibu wiki nne. Mwezi wa tatu wa kupunguza nyama, mfuko ukaisha siku ya kumi na tisa. Nilidhani muuzaji ananipunja. Nilibeba hasira mpaka kwake, nikamwaga mfuko mpya chini mbele ya watu, nikaanza kutenganisha vipande na vumbi kwa mkono. Akaniangalia bila kusema kitu, halafu akauliza: "Mama mwalimu, siku hizi mnapika nini kwako?"

Nilirudi nyumbani mikono myeusi, nikapiga hesabu. Nyama ya Jumapili ilikaa motoni saa moja na nusu, mara moja kwa juma. Maharage makavu, ya zamani, yale ya bei nafuu, yalikuwa yanakaa saa tatu juu ya babula, jiko letu la makala, mara nne kwa juma. Nilikuwa nimemwokoa ng'ombe nikachoma mti.

Na mti huo unajua ulikotoka. Mifuko inashuka kutoka upande wa Kalonge na Bunyakiri, na mingine inatoka ndani kabisa ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila wetu wa mashariki, na watu wanaikata usiku na mchana kwa sababu sisi wa mjini tunataka kula. Kwenye tanuri ya udongo, kilo moja ya makala inameza kilo tano hadi kumi za kuni. Nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la tano kwamba msitu ndio unaolinda mvua, kisha nikitoka darasani naenda kununua msitu wenyewe kwenye mfuko.

Kwa hiyo usiniulize habari ya nyama, niulize habari ya moto. Hapo ndipo tulipofanya kazi kidogo ya kweli.

Kwanza, kuloweka. Maharage yanalala majini usiku mzima, asubuhi maji yanamwagwa. Koko wako, bibi yako, alikuwa akifanya hivyo kila siku, sisi tukaacha kwa haraka za mjini. Kisha kikapu. Wewe hukukikuta, ulikuwa umeshaondoka. Ni kile kitunga kikubwa cha sokoni: nilikipanga majani makavu ya ndizi chini na pembeni, nikatandika blanketi lililochanika na sweta yako ya shule, ile ya bluu uliyosema nisiitupe. Maharage yanachemka kwa nguvu nusu saa nzima (hilo usilifupishe hata siku moja, hasa kwa maharage mekundu, yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo vibaya), halafu sufuria linaingia kikapuni na mfuniko wake, linafunikwa kwa mto, na babula inazimwa. Naenda kufundisha. Nikirudi saa saba nafungua mto, mvuke unanipiga usoni na harufu ya majani ya ndizi, nabonyeza punje moja kwa kidole, inapasuka. Mara ya kwanza nilimwita jirani aje kuona. Akaniuliza kama nimeweka dawa.

Mfuko wa makala ukarudi wiki tatu na siku kadhaa. Ulipotutumia sufuria ya presha ukafika wiki tano.

Sambaza nao walitusaidia, pamoja na maonyo ya daktari. Unaona jinsi walivyo rahisi: mafuta kidogo, nyanya, kitunguu, na kabla bugali haijasongwa wameiva. Watoto wengi hapa wanadhani sambaza ni wa Kivu tangu Mungu aumbe ziwa. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo bila wao sijui Bukavu ingekula nini. Kwa hesabu za moto, sahani ya sambaza inaishinda sahani ya maharage yasiyolowekwa. Waambie hilo rafiki zako uone watakavyokunja uso.

Na dende je? Umesahau? Wale panya wetu wanene wasio na mkia, wanaokimbiakimbia jikoni na kula maganda ya viazi na majani mnayowachumia baada ya shule. Hawataki malisho wala zizi, na miaka ya vita, ng'ombe na mbuzi walipokuwa wanaporwa, dende walibaki chini ya kitanda. Nyama isiyohitaji eneo hata la mkeka. Wewe ulikuwa na wako mwenye baka jeupe jichoni, na siku alipoingia kwenye sufuria ulikataa kula siku mbili. Kama kuna mtu aliyeacha nyama katika nyumba hii kwa moyo wake, ni wewe, ukiwa na miaka tisa. Sisi wengine ni kidole na daftari.

Zile takwimu ulizonitumia za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2013, kwamba mifugo inatoa asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto kutokana na shughuli za binadamu, nimezisoma. Sibishani nazo. Ng'ombe wa huku kwetu Walungu naye anacheua kama wa Ubelgiji. Lakini usinifanye nimwone adui: anakula majani ya mlimani, anatoa mbolea ya migomba, na wewe mwenyewe uliolewa kwa ng'ombe. Niliwahesabu mmoja mmoja na shangazi zako.

Sasa, mwaka ule ulikwishaje? Ulikwisha kwenye matanga ya baba yako mkubwa. Ng'ombe alichinjwa, ukoo mzima umekaa, na baba yako ndiye aliyebaki mkubwa. Nani angesimama pale aseme yeye ataletewa mboga za lengalenga? Alikula, akakaribisha watu, akala tena. Siku ya pili kidole kikarudi. Tangu hapo hatukutangaza kitu tena. Nyama tunakula tukiwa na wageni, kwenye sikukuu na matanga, zaidi ya hapo hapana, na hakuna anayehesabu.

Jambo la plastiki nalisema kwa kifupi maana linanikera. Kitunga naenda nacho sokoni, muuzaji ananitilia nyanya kwenye mfuko mweusi kisha anauweka ndani ya kitunga. Mvua ikinyesha Kadutu, mifereji inashusha chupa mpaka ziwani, na ziwa linazisukuma hadi mto Ruzizi unapoanzia, zinakwama kwenye bwawa la umeme. Wanazitoa kwa marundo. Mashine zikizibwa, mji unaingia gizani, na mji ukiingia gizani kila mama anawasha babula. Chupa ya soda inazunguka hivyo mpaka inaukata mti wa Kahuzi. Mdogo wako na wenzake watatu wanaokota chupa za mtaa wetu kila Jumamosi na kuziuza kwa wanaojaza mafuta ya mawese. Si kitu kikubwa. Anapata hela ya vocha.

Wewe huko una jiko la umeme, unabonyeza tu. Basi kuacha nyama kwako ni jambo jepesi kuliko lilivyokuwa kwangu, fanya. Dengu, zile lentilles, zinaiva kwa dakika ishirini, anza nazo. Ila mtoto akialikwa harusini na kukuta mbuzi, mwache ale, asije akaogopa sahani za watu.

Na mara ijayo ukipata mtu anayekuja huku, usinitumie vitamini. Nitumie ule mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha, wa kipenyo cha sentimita 22. Wa zamani umekakamaa na kupasuka, mvuke unatoka pembeni, na hapa nimezunguka maduka yote ya Nyawera sijaupata. Pima kwanza kabla hujanunua, kuna wa 24 unaofanana nao sana.

Mama yako