Fundi anachaji, simu nayo inachaji?

Swali: Nikisema "naenda kuchaji simu", baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, hanisemeshi kitu. Nikisema "fundi amenichaji elfu kumi", ananikatiza: "Fundi hachaji, anatoza!" Je, yuko sahihi? Na huko kwenye Kiingereza, neno hili lilianzia kwenye pesa au kwenye umeme?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Lilianzia kwenye mkokoteni.

Warumi walikuwa na neno carrus, gari la kukokotwa na wanyama, walilolichukua kwa Wagauli, wenyeji wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Baadaye Kilatini kikazaa kitenzi carricare, yaani kupakia mzigo garini. Kwa Wafaransa kikawa chargier, na kutoka huko kikaingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066. (Msidhani gari letu limo katika ukoo huo. Hilo limetoka India, na kufanana kwake na "car" ni bahati tu.)

Basi "charge" ya kwanza ni kupakia mzigo, na mzigo wenyewe ndio uliobadilika sura. Aliyekabidhiwa kazi amebebeshwa wajibu, aliyetuhumiwa amebebeshwa hatia, anayedaiwa bei amebebeshwa deni. Maana hizo zote zilikuwepo zamani, kabla mtu hajafikiria umeme. Bunduki na mzinga navyo vilikuwa na shehena yao, baruti. Ndipo katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin wa Philadelphia, alipokuwa akifanya majaribio kwa chupa ya Leyden, chupa ya kioo inayotunza umeme, akatumia kitenzi hicho hicho kwa kazi ya kuijaza. Mwaka 1749 akaunganisha chupa kadhaa na kuziita "battery", jina ambalo mpaka hapo lilikuwa la kundi la mizinga. Kwa hiyo ukilalamika kwamba betri yako haikai na chaji, maneno yote mawili yamepitia kwa wapiga mizinga.

Nimetumia neno shehena hapo juu kwa makusudi. Ni la Kiarabu, kutoka shahana, kupakia chombo. Wanaosoma Yasini wanalikuta katika aya ya 41, al-fulki al-mashhun, jahazi lililosheheni. Sasa nenda Muscat ukaombe chaja: utatajiwa shahin, neno la mzizi ule ule. Waarabu walipopata betri walifanya kama Franklin, wakachukua kitenzi cha kupakia mzigo wakakitwika umeme. Sisi tulikuwa nalo neno hilo mkononi, tungeweza kusema "nasheheni simu", lakini hatukusema. Sheheni yetu ilishazoea kueleza hali, kama tunavyosema meli imesheheni mchele au kikosi kimesheheni nyota, na mafundi wa betri za magari walikuwa wakisema chaji kabla simu ya mkononi haijafika. Sioni haja ya kulilia hilo. Kuchaji simu ni Kiswahili, na mzee wako anafanya vyema kunyamaza.

Kwenye pesa, yuko sahihi nusu. Kuchaji kwa maana ya kudai malipo ni mkopo tusiouhitaji, kwa kuwa vitenzi vyetu vipo na vimegawana kazi vizuri kuliko hicho cha kigeni. Ila kutoza nako kuna uzito wake. Ni kumfanya mtu atoe, na anayemfanya atoe mara nyingi ana nguvu juu yake: serikali hutoza kodi, mahakama hutoza faini, benki hutoza riba. Wakati wa kelele za tozo za miamala ya simu nchini Tanzania mwaka 2021, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba tozo si bei ya kujadiliana. Fundi wako hana mamlaka hayo. Ukiona bei kali unaondoka. Mimi ningesema "fundi amenilipisha elfu kumi", au kwa wepesi zaidi, "fundi kachukua elfu kumi". Ukiandika "fundi amenitoza" hukukosea, ila msomaji makini atahisi umeonewa. Pengine umeonewa kweli.

Sababu nyingine ya kutenganisha kuchaji na kulipisha iko vibandani. Tuseme mwenye kibanda ameandika TUNACHAJI SIMU 500. Wateja wanamwelewa, lakini kitenzi kimoja kimebeba huduma na bei. Akikuambia kwa mdomo "tunachaji kwa saa", huwezi kujua kama anazungumzia muda wa kujaa au namna ya kulipa.

Sarufi ya kuchaji haina tabu. Kitenzi kinaishia na -i, kwa hiyo kinapokanushwa hakibadiliki: simu inachaji, simu haichaji. Na kwa kuwa vitenzi vyetu vya Kibantu huishia na -i hiyo hiyo vinapokanushwa wakati uliopo (hasomi, halali), "haichaji" inasikika kama mzaliwa wa hapa. Kinakubali kuelekezwa pande mbili, "nachaji simu" na "simu inachaji", kama tunavyosema "amepaki gari" na "gari limepaki". Wanaosema "nachajisha simu" wanajaribu kutenganisha mtendaji na kifaa, kama tunavyotenganisha jaza na jaa. Nia ni njema, lakini kwa kazi ya kawaida silabi hiyo ni ya ziada. Iwekeni kwa yule anayempa mtu mwingine simu akamchajie: huyo ndiye anayechajisha.